Linalia Lini?

Fundi aliyenifunza kusikiliza gari hakuwa na desturi ya kuuliza linalia wapi. Aliuliza linalia lini. Ukimwambia kuna kitu kinagonga pale mbele kulia, aliitikia kwa heshima, akafuta mikono, kisha akarudi kwenye swali lake: kinagonga ukifanya nini? Asubuhi au mchana? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye lami au kwenye changarawe? Kabla ya mvua ulikisikia? Nilimjua Bomeni, mjini Taveta, chini ya mwarobaini uliokuwa ndiyo gereji yake, na maswali hayo yameniokolea pesa nyingi kuliko spana yoyote.

Gari langu lilikuwa Toyota Vitz ya mwaka 2003, ile ya toleo la kwanza, gia za mkono, injini ya sentimita za ujazo 997. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo Vitz nyingi za aina hiyo zilishuka bandarini Mombasa zikiwa zimekwisha kuitumikia Japani miaka kadhaa. Langu lilipitia mikono mingine pwani kabla sijalinunua kwa mkopo wa chama cha walimu. Silalamikii umri wake. Mpira hukauka, grisi hukauka, chuma hulika, na gari lililotengenezwa kwa mitaa ya lami ya Japani limekuja kuishi kwetu.

Kwetu ni kilomita kama 110 kutoka Voi. Lami ya Mwatate hadi Taveta ilikuja katika miaka ya 2010, chini ya mradi wa barabara ya Arusha–Holili/Taveta–Voi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kabla ya hapo safari ilikuwa changarawe yenye mikunjo na vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya drami za breki. Hata leo, ukiacha barabara kuu kuelekea Ziwa Jipe au Chala, udongo unakusubiri. Na hiyo lami yenyewe, kati ya Mbuyuni na Maktau, inapita katika nyika ya Tsavo Magharibi. Tembo huvuka pale wanapotaka. Giza likikukuta hapo na mlio usiouelewa, unahitaji kujua jambo moja tu: je, gari hili litanifikisha nyumbani, au nilizime sasa hivi?

Kwa nini "lini" itangulie "wapi"? Yule fundi mzee alinieleza kwa kugonga mlango wa gari kwa kifundo cha kidole huku nikiwa nimeketi ndani nimefumba macho. Aligonga nyuma, nikasema mbele. Bodi ya gari dogo ni kipande kimoja cha bati na chuma kilichounganishwa kwa moto kutoka boneti hadi buti. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma hupita mita 5,000. Kinachogonga kwenye gurudumu la nyuma huweza kutokea chini ya miguu ya dereva. Mahali pa mlio hudanganya hata masikio mazuri. Wakati wake haudanganyi, kwa sababu kila kifaa ndani ya gari kina saa yake ya kufanya kazi. Beringi ya gurudumu hufanya kazi gari likitembea. Mkanda wa altaneta hufanya kazi injini ikizunguka, hata gari likiwa limesimama. Breki hufanya kazi ukizikanyaga. Ukijua mlio unaanza lini na unakoma lini, umekwisha kuwaondoa wengi kwenye orodha ya washukiwa, na hujafungua nati hata moja.

Nikupe mfano ulionifanya niamini. Gari lilianza kuvuma. Nililipeleka kwenye gereji moja katika mji mwingine, wakalitazama likiwa limesimama, wakaniambia shokapu mbili za mbele zimekufa. Bei waliyotaja ilinifanya niombe siku ya kufikiri. Jioni nikapita kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Gari linasemaje?"

"Linavuma. Ng'uuu, halinyamazi. Wamesema ni shokapu."

"Linaanza lini?"

"Nikifika sitini naanza kulisikia. Themanini hatusikilizani ndani."

"Ukitoka gia ya tano ukaingia ya nne, mwendo ukiwa uleule?"

"Injini inapanda sauti, lakini ule mvumo unabaki palepale."

"Basi si injini. Na pale lami inapobadilika, ukitoka laini ukaingia iliyokwanguka?"

"Vilevile."

"Tairi ingebadili sauti. Sasa ukikata kulia kidogo, unazidi au unapungua?"

Hilo sikuwa nimelisikiliza. Hakuchukua jeki, hakufungua kitu. Aliniambia niende mpaka Salaita, barabara ikiwa tupu niyumbishe gari kidogo ndani ya njia yangu, kulia kisha kushoto, nirudi nimwambie. Salaita ni kilima kidogo kando ya barabara ya Voi. Hapo tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Afrika Kusini, kilichopigana upande wa Waingereza, kilirudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, na watu wa Taveta bado huwaonyesha wageni mahali penyewe. Barabara hapo imenyooka na unaona mbali. Nikakata kulia, mvumo ukapanda. Nikakata kushoto, ukafifia kama uliozibwa mdomo.

"Ni beringi ya mbele kushoto," alisema niliporudi. "Ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto. Beringi mbovu ikibebeshwa mzigo inalalamika."

Ndipo alipoleta jeki. Aliinua gurudumu, akaniambia niweke kiganja juu ya springi yake wakati yeye anazungusha kwa mkono. Niliuhisi mkwaruzo kwenye chuma, punje kwa punje, na upande wa pili springi ilikuwa shwari kabisa. Beringi ilitoka Moshi, maana kutoka Taveta Moshi iko karibu kuliko Voi, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Taveta–Holili kizinduliwe mwaka 2016, kuvuka na kurudi kumekuwa kwepesi zaidi. Shokapu zile zile niliendelea kuzitumia kwa muda mrefu baadaye.

Tangu hapo nilianza kuweka daftari ndani ya gari. Si la hesabu za mafuta. Ni la milio. Nilijifunza kuandika kitenzi cha sauti yenyewe, kwa sababu "linapiga kelele" halimsaidii fundi. Kugonga ni chuma kinachokutana na chuma baada ya kupata nafasi. Kuvuma ni kitu kinachozunguka. Kukwaruza ni vitu viwili vinavyosuguana. Kupiga mluzi mara nyingi ni hewa au mkanda. Kukatakata, ta-ta-ta, unapokunja usukani mpaka mwisho na kukanyaga mafuta, kwa kawaida ni kile kiungo cha nje cha ekseli kinachozungusha gurudumu hata likiwa limepinda. Mpira wake ukipasuka grisi hurushwa nje na mchanga unaingia. Chungulia chini: ukiona grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa gurudumu, umepata jibu bila kulipa mtu. Na ukiuona mpira umepasuka kabla mlio haujaanza, mpira mpya na grisi safi huweza kukiokoa kiungo kizima.

Mtihani ninaoupenda kuliko yote ni wa matuta. Gari lilikuwa linagonga mbele, ko-ko, ko-ko, kwenye barabara mbovu. Watu wengi hapo hutaja shokapu tena. Mzee aliniuliza kama linagonga nikipanda tuta la barabarani, lile linalokata njia yote kutoka ukingo hadi ukingo. Nilifikiri nikashangaa: kwenye tuta lilikuwa kimya. Lilikuwa linagonga gurudumu moja likiingia shimoni na jingine likabaki juu. Sababu ni nzuri mno kuiacha. Chini mbele kuna fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ili gari lisilale kwenye kona, na inashikwa pembeni na vijiti vifupi ambavyo mafundi huviita linki. Magurudumu yakipanda pamoja, fimbo haijipindi, linki hazivutwi, mlio haupo. Moja likishuka peke yake, fimbo inajipinda, na linki iliyolegea inagonga. Tuta na shimo vilitoa hukumu. Linki ni kati ya spea za bei nafuu kwenye gari lile, na hubadilishwa kwa spana mbili asubuhi moja.

Mlima wa Wundanyi ulinipa darasa tofauti. Kutoka Mwatate barabara inajipinda ikipanda hadi zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na gari la sentimita za ujazo 997 lenye watu wanne linafanya kazi yote liliyo nayo. Kwenye kona moja nilisikia maji yakitembea nyuma ya dashibodi, chubwi, chubwi, kisha kimya. Abiria wangu alidhani ni chupa ya maji imeanguka. Dashibodi ya gari langu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto, na baina ya hizo mbili hakuna habari yoyote. Kwa gari la namna hiyo sikio ndilo geji.

Nyuma ya dashibodi hupita mabomba ya hita yanayochukua maji ya moto ya injini. Mfumo ukijaa husikii kitu. Ukisikia maji yakimwagika huko ndani, maana yake hewa imeingia, na hewa haiingii kama maji hayajapungua. Nilisimama mahali salama, nikangoja injini ipoe kabisa. Rejeta ya moto haifunguliwi kamwe: maji yaliyo ndani yako chini ya mgandamizo, yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanaruka usoni. Yalikuwa yamepungua kweli. Sababu haikuwa gasketi ya injini, ingawa watu wawili waliopita njiani walinihakikishia hivyo. Ilikuwa ni kifuniko cha rejeta, ule mpira wake mdogo umekauka na kupasuka. Kifuniko kile ndicho kinachoshika mgandamizo. Kikilegea, maji hutoroka kwenda kwenye chupa ya akiba na mengine huwa mvuke, na injini ikipoa hakivuti tena kurudisha. Nilinunua kingine chenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu ya cha zamani, nikajaza kulanti badala ya maji ya bomba ambayo huleta kutu, na zile chubwi hazikurudi.

Mlima huohuo hutoa mlio mwingine ambao kila mwenye gari dogo anapaswa kuujua: vigongo vyepesi vya haraka kutoka kwenye injini ukikanyaga mafuta sana kwenye gia kubwa, kama bisi zinazoanza kupasuka sufuriani. Mafuta yanawaka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Shuka gia moja. Mlio ukinyamaza, ulikuwa unaibebesha injini kuliko uwezo wake. Ukiendelea hata kwenye gia ndogo, injini inaweza kuwa na moto kupita kiasi, masizi ndani, au petroli uliyotia si nzuri, na hilo ni la kushughulikia mapema kwa sababu huweza kutoboa pistoni.

Si kila tatizo lina sauti ya kugonga. Kuna wakati gari lilianza kushtuka, hasa msimu wa mvua, likipanda polepole kwenye gia ya nne. Hapa mzee alinionyesha namna ya kupima bila kununua. Injini ikiwa imezimwa, alichomoa waya wa koili moja, akawasha, akasikiliza. Akazima, akarudisha, akachomoa ya pili. Silinda tatu zilipochomolewa injini ilichechemea zaidi. Moja ilipochomolewa hakuna kilichobadilika, kwa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Fundi mwenye haraka angeniambia ninunue koili. Yeye aliihamisha koili ile kwenye silinda ya jirani na kuniambia niendeshe. Ugonjwa ukahama pamoja nayo. Kama ungebaki palepale, mshukiwa angekuwa plagi au kitu kingine ndani ya silinda ile. Kubadilishana vitu viwili vinavyofanana ndicho kipimo cha bure kuliko vyote, na nimekitumia kwa taa, kwa fyuzi, hata kwa tairi zenye mtetemo.

Kwa sauti za injini alikuwa na bisibisi ndefu. Aliweka ncha juu ya altaneta na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, kisha akahamia pampu ya maji, kisha roli ya kukazia mkanda. Daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi mwaka 1816 akaiweka kifuani mwa mgonjwa, na kutoka hapo tukapata chombo kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari. Bisibisi ya Bomeni inafanya kazi hiyohiyo kwa injini. Ukijaribu, funga leso, kanga au tai mbali na mkanda, na mikono iwe mbali na feni ya rejeta, kwa sababu feni ya umeme huweza kujiwasha ghafla. Kama mkanda unapiga kelele asubuhi ukiwasha taa, mwagia matone machache ya maji upande wa ndani. Mlio ukikatika kidogo kisha ukarudi, ni mkanda wenyewe. Ukibaki vilevile, sikiliza beringi za roli.

"Lini" pia ina maana ya kalenda. Mlio ulioanza siku moja baada ya gari kutoka gereji, anza kutazama pale mikono ya fundi ilipogusa. Baada ya pancha moja ya njiani nilisikia gurudumu likidunda taratibu, nikasimama palepale: nati zilikuwa zimelegea. Tangu siku hiyo, baada ya tairi kufunguliwa popote, nazikaza tena mwenyewe baada ya mwendo mfupi. Mlio ulioanza baada ya mvua ya usiku na kwisha ukishakanyaga breki mara chache ni kutu nyembamba juu ya diski, uache. Mluzi mwembamba wa breki unaorudi kila siku ni lile bati dogo lililowekwa kwenye baadhi ya pedi ili likukumbushe zimekwisha. Ukikawia, mluzi hugeuka kukwaruza kwa chuma juu ya chuma, na hapo utanunua diski pia.

Kugonga kwa sauti nzito kutoka chini ya injini, kunakoongezeka ukikanyaga mafuta, taa nyekundu ya oili ikiwaka: zima injini hapohapo, hata kama ni Maktau na jua linazama. Ita lori, ita ndugu, ngoja ndani ya gari vioo vikiwa juu. Kilomita mbili za kubahatisha zinatosha kuiua injini nzima. Usukani uliopata uchezaji mpya, au kugonga kunakoambatana na gari kuvuta upande, nako hakusafirishwi.

Nimefikiri sana kwa nini mafundi wengi wazuri hawaulizi maswali ya mzee yule, na siamini kwamba hawayajui. Tatizo ni malipo. Kwetu fundi halipwi kwa kusikiliza. Halipwi kwa kupanda gari na mteja mpaka Salaita, wala kwa nusu saa ya kuhamisha koili. Analipwa kwa kufunga spea, na mara nyingine anapata kidogo dukani kwa kuileta. Kijana mwenye watoto akiletewa gari linalovuma, njia ya haraka ya kupata chakula cha jioni ni kusema shokapu. Sisi wenye magari ndio tuliopanga hivyo, tunapombishia bei ya kazi na kulipia sanduku la spea bila kinyongo kwa sababu linaonekana.

Kwa hiyo, ukienda gereji wiki hii, nenda na karatasi. Andika mlio kwa kitenzi chake, mwendo, gia, barabara, moto au baridi, na kitu gani kilifanywa kwenye gari kabla haujaanza. Mwombe fundi apande gari nawe ausikie. Kabla hajaanza, mwambie kwamba kazi ya kutafuta tatizo ina malipo yake, mkubaliane, na umlipe hata kama atakuambia hakuna kinachohitaji kubadilishwa.